Asili ya Mleta Zawadi wa Noeli

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukiingia, sisi walimu huulizwa swali moja na watoto. Yule mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na vazi jekundu, ambaye picha yake hutundikwa madukani na kupigwa chapa katika kadi za salamu, ni nani, naye ametoka wapi? Watu wazima nao huuliza, ila wao huuliza kwa ubishi, maana kila mmoja amekwisha kuchagua jibu lake. Majibu niliyoyasikia ni manne. Wa kwanza husema, Huyu ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Kanisa la kale, wala hakuna zaidi. Wa pili husema, La, huyu ni Odin, mungu wa watu wa kaskazini ya Ulaya kabla ya kubatizwa kwao, aliyevikwa kanzu ya Kikristo. Basi haifai Mkristo kumkaribisha nyumbani mwake. Wa tatu husema kwamba alikuwa mganga wa Siberia aliyekula uyoga wa kulevya. Wa nne husema kwamba aliundwa na kampuni ya Coca-Cola ili kuuza kinywaji chake.

Nataka kuyapima majibu hayo moja moja. Si kwamba mzee huyo ni jambo kubwa katika imani yetu. Lakini njia tunayoitumia kutafuta asili yake ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kutafuta asili ya mila zetu wenyewe na ya maneno yetu, na mwenye mizani mbovu huwapunja watu katika kila biashara aifanyayo.

Kwanza tukubaliane juu ya mizani. Tukisema kwamba neno letu meza limetoka kwa Wareno, twasema hivyo kwa sababu tatu. Sauti yake ni karibu sawa na ya neno lao mesa, na maana yake ni ile ile. Njia twaijua: Wareno walifika pwani yetu kwa merikebu zao, wakakaa Mombasa na kwingineko. Na wakati twaujua: walifika mwaka 1498, na Ngome ya Yesu ikawatoka mwaka 1698. Basi kufanana kupo, njia ipo, wakati upo. Kama kungekuwa na kufanana peke yake, tungekuwa na shahidi mmoja tu, na Torati yenyewe hairuhusu kumhukumu mtu kwa ushahidi wa mtu mmoja. Maneno ya mbali sana hufanana kwa bahati, na desturi hali kadhalika. Mtu asemaye, Hili lafanana na lile, amefungua kesi tu, hajaimaliza.

Sasa tumtazame Nikolao. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaujua mji wa Mira katika nchi ya Likia, maana ndipo Mtume Paulo, akiwa mfungwa, alipohamishwa kutoka merikebu moja kuingia nyingine katika safari ya Rumi. Magofu ya mji huo yako Demre, katika nchi ya Uturuki. Nikolao alikuwa askofu wa Mira katika karne ya 4, na sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Yaliyo yakini juu yake ni machache. Hatuna barua yake, wala mahubiri yake, wala kitabu cha mtu aliyeishi naye. Habari ya kale kuliko zote ni ile ya maakida watatu wa jeshi waliohukumiwa kufa bila hatia. Nikolao akamtokea Kaisari Konstantino katika ndoto, akamwonya, wakafunguliwa. Katika habari hiyo hamna mtoto, wala zawadi, wala usiku wa sikukuu. Mna askofu awateteaye watu wanaoonewa na serikali.

Kisa cha zawadi twakipata katika maisha ya Nikolao yaliyoandikwa na mtawa Mikaeli kwa Kiyunani katika karne ya 9, yapata miaka mia tano baada ya askofu mwenyewe. Mtu mmoja aliyekuwa tajiri alifilisika. Alikuwa na binti watatu, akakata shauri kuwatoa katika uasherati ili wapate chakula. Nikolao alipopata habari, alikwenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka. Baba akamwoza binti wa kwanza. Nikolao akarudi tena kwa ajili ya wa pili. Safari ya tatu baba alikesha, akamkimbilia, akamshika, akamtambua. Naye Nikolao akamwapisha asimwambie mtu maadamu yu hai.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya lugha. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa Kiswahili kwamba mabinti hawa walikuwa wamekosa mahari, na Nikolao akawapa mahari. Tafsiri hiyo yaharibu kisa chote. Kwetu mahari hutoka upande wa mwanamume, pwani kwa bibi arusi mwenyewe, na bara mara nyingi kwa baba yake na wajomba zake. Msikilizaji wetu ajiuliza, Mtu mwenye binti watatu atakuwaje maskini, naye anangoja ng'ombe za watu watatu? Lakini katika nchi za Warumi na Wayunani baba ndiye aliyetoa mali, akampa binti yake aende nayo kwa mumewe, na asiye na mali hiyo haolewi na mtu wa heshima. Basi isemwe wazi: mali ya kuolewa, itolewayo na baba. Hapo msikilizaji ataona kwamba binti wale watatu walikuwa mzigo kwa baba yao kwa sheria ya nchi yao, na kwamba dhahabu ya Nikolao iliondoa aibu iliyokuwa karibu kuwafikia. Mwalimu asipolieleza hilo, kisa hugeuka kuwa habari ya mtu tajiri aliyependa kutupa fedha madirishani.

Tena angalia jinsi desturi inavyorudi nyuma na kukibadili kisa. Wasimulizi wa baadaye husema dhahabu ilipita katika dohani, ikaangukia katika soksi zilizoanikwa penye moto. Kwa Mikaeli hakuna soksi; kuna dirisha. Watu waliokuwa wamekwisha kutundika soksi walitaka soksi yao iwe na babu, wakampa.

Watoto waliingiaje? Katika karne ya 12 kilikuwako huko Ulaya ya magharibi kisa kingine, cha wanafunzi watatu waliouawa na mwenye nyumba ya wageni, kisha Nikolao akawafufua. Wako wanachuoni wadhanio kwamba kisa hicho kilitokana na picha: maakida watatu walichorwa wadogo kando ya askofu mkubwa, wakiwa ndani ya mnara wa kifungo, na watazamaji wasiojua wakawaona kuwa watoto ndani ya pipa. Hayo ni makisio. Lakini kwamba Nikolao alipata kuwa mlinzi wa wanafunzi, hilo ni hakika, na sikukuu yake ikawa sikukuu ya watoto katika nchi nyingi. Huko Uholanzi watoto huweka viatu vyao penye moto usiku wa tarehe 5 Desemba, pamoja na majani kwa ajili ya farasi wa askofu. Katika karne ya 17 wachungaji wa Matengenezo waliilaumu desturi hiyo kuwa mabaki ya Upapa, na miji kadhaa ikakataza kuuzwa kwa mikate ya sanamu zake. Desturi haikufa. Mchoraji Jan Steen, katika miaka ya 1660, alichora nyumba moja asubuhi ya sikukuu hiyo: msichana amekumbatia sanamu yake mpya, na kaka yake analia kwa sababu kiatuni mwake mmeonekana fimbo. Kwa Wajerumani wafuasi wa Luther zawadi zilihamishwa kutoka sikukuu ya mtakatifu zikapelekwa Noeli, na mletaji akawa Mtoto Kristo.

Basi jibu la kwanza lina kweli nusu. Jina limetoka kwa Nikolao, maana Waholanzi walilikata jina Nikolaas likawa Klaas, wakasema Sinterklaas, na kinywani mwa watu wa New York likawa Santa Claus. Kutoa usiku kwa siri kumetoka kwake pia. Lakini tumbo kubwa, gari la theluji na wanyama warukao havikutoka Mira.

Jibu la pili, la Odin, ndilo linalopendwa na watu wawili wasiopatana: mwandishi apendaye kuonyesha kwamba Ukristo ni ngozi tu juu ya upagani, na mhubiri apendaye kuikataza sikukuu. Hoja zao ni hizi. Odin alikuwa mzee mwenye ndevu ndefu. Mojawapo ya majina yake lilikuwa Jolnir, lenye kufanana na jina la sikukuu ya kipagani ya majira ya baridi. Alimpanda Sleipnir, farasi mwenye miguu minane. Na Santa Claus ana wanyama wanane. Watoto wa kale, husemwa, walimwekea Sleipnir majani katika viatu. Tangu Jacob Grimm alipotoa kitabu chake cha miungu ya Wajerumani mwaka 1835, njia hii ya kutafuta mungu wa kale chini ya kila desturi ya kijijini imekuwa barabara kuu.

Tuipime. Ndevu nyeupe si ushahidi, maana wazee wengi wanazo, na maaskofu wa Kiyunani wengi huchorwa nazo. Habari zetu za Odin na Sleipnir zimetoka hasa katika vitabu vya Iceland vya karne ya 13, na humo hamna mtoto hata mmoja awekaye majani kiatuni. Majani ya kiatuni twayaona kwa farasi wa Nikolao, na askofu kusafiri kwa farasi si ajabu inayohitaji mungu wa kuieleza. Wale wachungaji wa Uholanzi walioishambulia desturi hiyo, ambao wangefurahi sana kupata silaha ya upagani, waliilaumu kwa Roma.

Na ile miguu minane? Hapa kosa laonekana wazi kabisa. Katika kitabu kidogo cha watoto kilichochapwa New York mwaka 1821, Santa Claus aja kwa gari la theluji likokotwalo na mnyama mmoja tu, yule mwenye pembe za matawi ambaye watu wa kaskazini humfuga. Hesabu ya wanane ikatokea katika shairi la mwaka 1823. Ikiwa wanane ni miguu ya Sleipnir, ilikuwa wapi mwaka 1821? Mtu atakayesema kwamba kumbukumbu ya Odin ililala miaka mia nane, ikakosa njia mwaka 1821, ikaamka mwaka 1823 katika nyumba ya mwana wa askofu mjini New York, huyo hatafuti asili. Anatunga hadithi nyingine. Sisemi kwamba hakuna lolote la kale katika sikukuu za majira ya baridi huko Ulaya. Wale wenye pembe, kengele na nyuso za bandia wanaofuatana na Nikolao katika milima ya Austria huenda wana mizizi mirefu. Lakini neno huenda halitoshi kumwambia Mkristo kwamba amemkaribisha Odin.

Jibu la tatu, la uyoga, nitalimaliza kwa maneno machache. Wasema kwamba waganga wa Siberia walivaa nyekundu na nyeupe kama uyoga wao, wakasafiri kwa magari ya theluji, wakatoka katika tundu la moshi la hema. Ronald Hutton, mwalimu wa historia wa Uingereza aliyechunguza sana habari za waganga hao, ameonyesha kwamba hawakuvaa hivyo, wala hawakusafiri hivyo, wala hawakuwa na desturi ya kupita katika tundu la moshi. Hapa hata kufanana hakupo. Na njia ya kutoka Siberia mpaka New York hakuna aliyeionyesha.

Jibu la nne lina tarehe, na tarehe zake ndizo zinazoliangusha. Mchoraji Haddon Sundblom alianza kumchora Santa Claus kwa ajili ya Coca-Cola mwaka 1931, akaendelea mpaka mwaka 1964. Lakini Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani, alimchora katika gazeti la Harper's Weekly mwanzoni mwa mwaka 1863, wakati wa vita vya Waamerika wao kwa wao, akiwagawia askari zawadi kambini. Na picha yake ya mwaka 1881 ina tumbo, ndevu, kiko na mzigo wa vitu vya kuchezea. Kampuni ilimkuta mzee amekwisha kukua. Kazi yake ilikuwa kueneza sura moja duniani kote, nayo si kazi ndogo, lakini si uzazi.

Basi alizaliwa wapi? Alizaliwa New York, kati ya mwaka 1773 na 1823, na wazazi wake ni watu waliosoma. Mwaka 1773 gazeti la mji huo lilitaja kundi la watu waliokutana kumwadhimisha Mtakatifu Nikolao, likaandika na jina lake jingine lililokaribia Santa Claus. Tarehe 6 Desemba 1809 Washington Irving alitoa historia ya mji huo ya kuchekesha, akijifanya mzee wa Kiholanzi, akamtaja Nikolao mara nyingi kama mlinzi wa mji. Na katika chapa ya mwaka 1812 akamrusha juu ya miti kwa gari. Mwaka 1810 John Pintard, mwanzilishi wa chama cha historia cha New York, alifanya karamu ya kwanza ya mtakatifu huyo. Ikaja picha ya mwaka 1821, kisha tarehe 23 Desemba 1823 gazeti la mji wa Troy likachapa, bila jina la mtungaji, shairi la ziara ya Mtakatifu Nikolao. Baadaye Clement Clarke Moore alikiri kuwa ni lake, ingawa wako wanaompa Henry Livingston. Moore alikuwa mwana wa askofu wa New York, naye mwenyewe alifundisha lugha za mashariki katika chuo cha makasisi.

Mwaka 1954 mwanachuoni Charles W. Jones alionyesha kwamba watu walikuwa wamemwamini Irving kupita kiasi. Alitafuta dalili za ibada ya Nikolao kati ya Waholanzi wa kwanza wa mji huo, asizipate. Kitabu cha mzaha kilikuwa kimesomwa kama kitabu cha historia, na mila iliyodhaniwa kuwa ya mababu ilikuwa ya juzi. Nasi tukumbuke hayo, tuendao na daftari kwa wazee kuandika desturi: si kila alisemalo mtu kuwa la kale ni la kale, na mwandishi wa jana aweza kuwa babu wa mila ya leo.

Sasa tulitazame shairi lenyewe kwa jicho la kasisi na mwalimu. Lina ustadi, mwendo wake ni mwepesi, na mtoto hulishika upesi. Lakini angalia limemfanya nini askofu. Kofia yake ya uaskofu imetoka, na kanzu yake, na msalaba. Amekuwa mzee mdogo mcheshi, aliyevaa manyoya, mwenye kiko mdomoni na mzigo mgongoni kama mchuuzi. Hamna kanisa humo, wala hori, wala Mtoto aliyezaliwa. La kushangaza zaidi ni kwamba hamna maskini. Zawadi zaingia katika soksi za watoto ambao wamekwisha kula na kulala katika nyumba yenye moto. Stephen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya Noeli ya Marekani, ameeleza mahali ambapo badiliko hilo lilitokea. Zamani, siku za Noeli maskini walibisha hodi kwa matajiri wakadai chakula na kileo, tena kwa kelele, na matajiri wa New York waliogopa makundi hayo barabarani. Sikukuu ikaingizwa ndani, mlango ukafungwa, na aliyepokea akawa mtoto wa mwenye nyumba badala ya maskini wa nje. Mkono uliokuwa ukitoa nje ukageuka ukatoa ndani.

Uingereza nako yalikuwako mambo mengine. Mzee Krismasi wa huko, ambaye jina lake ndilo lililotupa sisi Baba Krismasi, hakuwa mtakatifu wala mleta zawadi. Alikuwa sikukuu yenyewe iliyopewa umbo la mtu, kama sisi tunavyoweza kuizungumzia njaa kama mtu aingiaye kijijini. Ben Jonson alimleta katika mchezo wake wa mwaka 1616, na Bunge lilipoifuta Noeli mwaka 1647 watu walitoa vijitabu vya kumtetea. Alipenda nyama na kinywaji. Watoto hawakuwa kazi yake. Baadaye tu, katika karne ya 19, yule mgeni wa New York alivuka bahari akamkuta, wakawa mtu mmoja. Ndiyo maana Baba Krismasi na Mtakatifu Nikolao si majina mawili ya mtu mmoja tangu mwanzo.

Limebaki jambo moja, nalo latugusa sisi kwa karibu. Mwaka 1850 mwalimu wa shule wa Amsterdam, Jan Schenkman, alitoa kitabu cha watoto. Humo Nikolao aja kutoka Hispania kwa merikebu ya moshi, naye ana mtumishi mweusi. Kitabu hicho kilipendwa sana, na mtumishi yule akaja kuitwa Zwarte Piet, maana yake Petro Mweusi. Kwa miaka mingi Waholanzi weupe walijipaka rangi nyeusi usoni na nyekundu midomoni, wakavaa nywele za bandia, wakamchezea. Wakati kitabu kinachapwa Uholanzi ilikuwa bado na watumwa katika Suriname, wala haikuwaacha huru mpaka mwaka 1863.

Watu weusi wa Uholanzi walipolalamika, walijibiwa kwa asili. Wengine walisema weusi ule ni masizi ya dohani. Wengine walisema mtumishi yule ni kunguru wa Odin, wale wawili waliompelekea habari. Kumbe yule Odin aliyeletwa kumshtaki Nikolao, hapa aliletwa kumtetea! Na ushahidi ulikuwa ule ule, yaani kufanana, bila njia wala wakati. Masizi hayamvalishi mtu nywele za kipilipili, na kunguru havai nguo za mtumishi. Mwaka 2011 wasanii wawili, Quinsy Gario na Jerry Afriyie, walikamatwa na polisi huko Dordrecht kwa kuvaa fulana za kusema kwamba desturi hiyo ni ubaguzi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi wa rangi iliitaka Uholanzi iondoe mambo hayo, na mwaka 2020 Waziri Mkuu Mark Rutte, aliyekuwa ameitetea desturi, alikiri bungeni kwamba mawazo yake yamebadilika.

Nasi tusidhani kwamba kosa hilo ni la Ulaya tu. Mwaka 1863 John Hanning Speke, akiisha kupita Karagwe na Buganda, aliandika kwamba watawala wa nchi hizi wametoka upande wa Uhabeshi, na hoja yake kubwa ilikuwa sura zao. Mwaka 1904 akida wa Kijerumani Moritz Merker aliandika kwamba Wamasai na Waisraeli ni wa asili moja, kwa sababu visa vyao vyafanana. Walimu wengi wa zamani walifurahia maneno hayo, maana yalionekana kuwapa watu wetu heshima ya Maandiko. Lakini kumpa mtu babu wa mbali ni kumwondolea haki ya kuwa mwenyeji. Dhana ya Speke iliingia mashuleni na maofisini huko Rwanda, na mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alisimama mbele ya watu akasema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Miaka miwili baadaye mito ya nchi hiyo ilichukua maiti. Asili iliyosemwa bila ushahidi yaweza kuua.

Basi, mtoto akituuliza, tumjibu nini? Mimi humjibu hivi. Palikuwa na askofu Mira, na watu walikumbuka kwamba alitoa kwa siri. Waholanzi wakamfanya mgeni wa watoto. Watu wa New York wakamvua uaskofu, wakampa gari na wanyama. Wachoraji wakamnenepesha, wafanya biashara wakampeleka kila bandari. Hivyo ndivyo desturi zinavyokua, kama jahazi linalotengenezwa ubao baada ya ubao, kila bandari kwa fundi wake. Ni kazi bure kuuliza ni ubao gani ulio wa kwanza tu, tusiulize na ni nani aliyetia kila mmoja, na kwa nini.

Na kwa ndugu wachungaji nasema hivi kwa heshima. Anayemkataza mzee huyu kwa sababu ya Odin amepiga mahali pasipo na nyoka. Odin hayumo. Lililo na sumu ni lile lililotendeka New York, pale zawadi ilipotolewa mkononi mwa maskini ikawekwa kitandani mwa aliyeshiba. Kisa cha kale bado tunacho, tena kiko wazi: mtu alijua nyumba yenye shida, akaenda usiku, akaacha alichoacha, akaomba asitajwe. Kila usharika una nyumba kama hiyo, na katibu wa usharika aijua kwa jina. Twaweza kwenda usiku wa tarehe 5 Desemba, au usiku wa Noeli wenyewe, bila vazi jekundu wala picha, na asubuhi watoto wa nyumba hiyo wasijue ni nani aliyekuja.